Hesabu Si Kumi Peke Yake: Kibaba cha Pwani na Mfungade ya Taita

Haba na haba hujaza kibaba. Kila mtoto wa Pwani aijua mithali hii, na kila mwalimu huitumia kumhimiza mwanafunzi mvivu. Lakini mwulize kijana wa leo vibaba vingapi hufanya kisaga, na visaga vingapi hufanya pishi, utamwona anakuna kichwa. Neno limebaki mdomoni, kipimo kimetoka mkononi. Na pamoja na kipimo hicho inatupotea namna nzima ya kuhesabu, ambayo haikuwa ya kumi kumi kama ile tuliyofunzwa shuleni.

Nayaandika makala haya kwa sababu ya maneno mawili niliyoyasikia mara nyingi, na yote mawili si kweli. La kwanza husemwa juu yetu sisi watu wa Pwani: kwamba hesabu tuliazima kwa Waarabu, kwani si twasema sita, saba na tisa? La pili husemwa na baadhi yetu juu ya ndugu zetu wa bara: kwamba kabla misafara haijafika kwao walikuwa wakihesabu vidole tu, wala hawakuwa na hesabu ya maana. Dawa ya maneno yote mawili niliipata mahali pamoja, nayo ni Voi.

VIDOLE VYA TAITA

Msomaji aijua Voi. Hapo ndipo barabara na reli zitokazo Mombasa hukutana na njia iendayo Mwatate, Wundanyi na Taveta. Mtu wa Pwani huja na kanga zake na tende zake, na Mtaita hushuka milimani na mboga, ndizi na maparachichi. Nilisimama sokoni karibu na mama mmoja aliyekuwa akimhesabia mteja wake maparachichi kwa Kidawida: imweri, iwi, idadu, inya, isanu, irandadu, mfungade, wunyanya, ikenda, ikumi. Matamshi huenda yakatofautiana kidogo kati ya Wadawida, Wasaghala na Wakasighau, lakini mpango ni huo.

Lile neno la saba ndilo lililonisimamisha. Mfungade! Je, si hiyo fungate yetu? Bibi harusi wa Pwani hukaa fungate, nayo ni siku saba. Twalitumia neno hili kila arusi, na wengi wetu hatujui kwamba ni jina la nambari. Kabla ya majina ya Kiarabu kushika soko, Kiswahili kilikuwa na mtandatu kwa sita, mfungate kwa saba, na kenda kwa tisa. Hata leo twasema kenda karibu na kumi. Mgiriama husema fungahe, Mkikuyu husema kenda, na Mtaita husema ikenda. Hayo ni majina ya ukoo mmoja.

Basi neno la kwanza limekwisha. Hatukuazima hesabu, tuliazima majina matatu chini ya kumi, na mengine ya juu kama ishirini na thelathini, kwa kuwa biashara yetu ilikuwa na watu wa majahazi. Mtu akivaa kanzu mpya leo haina maana kwamba jana alikuwa uchi.

Na neno la pili? Yatazame tena majina ya yule mama. Ndani ya irandadu mna dadu, yaani tatu. Ndani ya wunyanya mna nya, yaani nne, imesemwa mara mbili. Wataalamu wa lugha za Kibantu waeleza kwamba sita ilikuwa tatu na tatu, na nane ni nne na nne. Inua vidole vitatu mkono huu na vitatu mkono huu, umepata sita. Inua vinne na vinne, umepata nane. Nane yetu ya Kiswahili nayo imezaliwa hivyo hivyo. Ama saba, wengine huieleza kuwa ni kufunga vidole vitatu: ukivikunja vitatu katika kumi, hubaki saba. Ikiwa ndivyo, basi mwenye kusema mfungade anatoa, na mwenye kusema wunyanya anazidisha, kabla hajaenda shule yoyote. Vidole hivyo vilikuwa na akili.

NAMBARI NI ILE ILE, FUNGU NDILO HUBADILIKA

Hapa lazima tutenganishe vitu viwili. Kuna idadi yenyewe, na kuna namna ya kuifunga mafungu. Chukua maparachichi 31. Ukiyafunga kumi kumi, utapata mafungu matatu na moja la ziada, ndiyo maana twaandika 3 na 1. Sasa yafunge kwa mkono, yaani matano matano, na kila mikono mitano uifanye fungu kubwa. Fungu kubwa lina 25. Ongeza mkono mmoja wa matano, na parachichi moja. Utaandika 1, 1, 1. Tena yafunge kwa kuzidisha maradufu: fungu la 16, la 8, la 4, la 2 na moja. Utaandika 1, 1, 1, 1, 1. Maparachichi hayakuongezeka wala hayakupungua.

Nambari hii ya 31, ambayo ni siku za mwezi wa Januari, ni ya ajabu. Mbelgiji mmoja, René Goormaghtigh, aliandika mwaka 1917 juu ya nambari ambazo zaweza kuandikwa kwa moja tupu, si chini ya tatu, katika mafungu ya namna mbili mbalimbali. Mpaka leo zinajulikana mbili tu: 31 yetu hii, na 8191. Hiyo ya pili huandikwa moja tatu ukifunga tisini tisini, na moja kumi na tatu ukifunga maradufu. Hakuna aliyepata ya tatu, wala aliyethibitisha kwamba haipo.

Kuna mambo hubadilika kwa kubadilisha fungu, na kuna mambo hayabadiliki. Katika kumi kumi, nambari shufwa huijua kwa kutazama mwisho wake: 0, 2, 4, 6 au 8. Lakini ukihesabu kwa mkono, sita ni mkono mmoja na kimoja, 1 na 1. Imeishia na moja, na bado ni shufwa! Ushufwa wake haukupotea, ila alama yake imehama. Katika mafungu ya tano hutazami mwisho, hujumlisha tarakimu zote: moja na moja ni mbili, basi sita ni shufwa. Kwa 31 utapata moja na moja na moja, tatu, basi ni witiri. Ama 13, ambayo haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, itabaki hivyo Mombasa na Wundanyi, kwa kumi na kwa mkono, kwa Kiarabu na kwa Kidawida.

KISAGA, PISHI NA MSAFARA

Turudi kwenye kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Katika nguo, shibiri mbili ni mkono, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima. Kila hatua ni maradufu ya ile iliyotangulia. Muuza mtama wa zamani akiwa na vyombo vitatu tu aliweza kupima kila idadi tangu moja hadi saba, na kila chombo hukitumia mara moja tu. Vibaba vitatu ni kisaga na kibaba. Vitano ni pishi na kibaba. Sita ni pishi na kisaga. Saba ni vyote vitatu pamoja. Mwenye kupima nguo, kwa vipimo vyake vinne, alifika hadi shibiri 15: pima, wari, mkono na shibiri. Hakuna idadi iliyorukwa, wala hakuna iliyopatikana kwa njia mbili.

Mjerumani Leibniz aliandika mwaka 1703 juu ya hesabu ya tarakimu mbili tu, sifuri na moja, ambayo ndiyo hii ya maradufu. Ndiyo lugha ya ndani ya kompyuta, na ya simu ambayo Wakenya wanatumiana pesa nayo tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007. Sisemi kwamba mzee wa Pwani alibuni kompyuta. Nasema kwamba anayemcheka bibi mwenye kisaga, hali simu imo mfukoni mwake, hajui anachocheka.

Vipimo hivi vilipanda Taita pamoja na misafara ya karne ya 19. Wapagazi walitoka Mombasa, wakakata nyika ya Taru yenye kiu, wakafika milima ya Taita penye maji na chakula, kisha wakaendelea Taveta na Uchagani. Mwaka 1848 Mjerumani Johannes Rebmann alipita njia hiyo akiongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyeijua, na tarehe 11 Mei akaiona theluji ya Kilimanjaro. Taveta, kwenye msitu wa mto Lumi, ilikuwa kituo mashuhuri cha misafara. Joseph Thomson alipumzika hapo mwaka 1883. Chakula kilinunuliwa kwa shanga, kaniki na amerikani. Mikono minne ya nguo iliitwa shuka, na shuka mbili zilikuwa doti. Neno hilo lingali hai: nenda duka lolote la Voi, kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoshikana.

Kwa nini maradufu, wala si kumi? Hapa ndipo nilipoona busara ya wazee. Muuzaji ni Mtaita, mnunuzi ni mtu wa Pwani, na huenda kila mmoja haijui vizuri lugha ya mwenziwe. Nguo ikikunjwa katikati, ncha kwa ncha, wote wawili waona kwa macho yao kwamba ni nusu. Ikikunjwa tena ni robo. Ikikunjwa tena ni thumuni. Hapahitaji karani wala fimbo ya yadi. Jaribu sasa kuikunja nguo mafungu kumi yaliyo sawa mbele ya mtu asiyekuamini! Kumi ni nzuri kwa mwenye kalamu. Maradufu ni ya haki kwa watu wawili wasioshirikiana ila macho.

RUPIA, ANNA NA KORIJA

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Voi, ikafika Kisumu mwaka 1901. Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na rupia ilizidi kuenea pamoja na reli. Rupia moja ilikuwa anna 16, na anna moja pesa nne, basi rupia ni pesa 64. Idadi hiyo ni ile ile ya kete za bao letu la Kiswahili! Neno pesa, ambalo leo ni jina la fedha zote, asili yake ni kisarafu hicho kidogo, cha sitini na nne kwa rupia.

Shuleni twafunzwa kanuni hii: ukitaka kujua kama nambari yagawanyika kwa tisa, jumlisha tarakimu zake. 342 ni tatu na nne na mbili, tisa, basi yagawanyika. Wanahesabu wa Kiislamu wa zamani walikagua hesabu zao kwa kutoa tisa hivyo. Lakini kwa nini tisa? Kwa sababu kila fungu la kumi ukilitoa tisa hubaki moja. Siri si ya tisa, ni ya fungu. Karani wa rupia angeweza kufanya hivyo hivyo kwa kumi na tano, kwa kuwa kila rupia ni anna 16, ukizitoa 15 hubaki moja. Mtu ana rupia 3 na anna 12. Jumlisha: tatu na kumi na mbili ni kumi na tano. Basi fedha hizo zagawanyika sawasawa kwa watu 15. Hakika, ni anna 60, na kila mtu atapata anna nne.

Wafanyabiashara wa boriti za Lamu walikuwa na fungu jingine. Wao waliuza kwa korija, na korija ni ishirini. Hapa kanuni ni ya kumi na tisa. Korija 2 na boriti 17: mbili na kumi na saba ni kumi na tisa. Boriti hizo ni 57, na wajenzi 19 watapata tatu tatu bila ugomvi. Kwa dazeni kanuni ni ya kumi na moja, na kwa dakika za saa, ambazo ni sitini, ni ya hamsini na tisa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali iliigawa rupia kuwa senti 100, na katika miaka ya 1920 ikaja shilingi, nayo ya senti 100. Anna zikafa. Lililobaki ni neno thumuni, ambalo maana yake ni sehemu ya nane, na wazee wetu waliendelea kuliita hivyo lile nusu la shilingi, ingawa nusu si thumuni. Ni kama mtu aliyehama nyumba akachukua ufunguo wa zamani.

PENYE HAKI YA YATIMA

Huenda msomaji akasema: haya ni mambo ya kufurahisha bongo tu, sasa twaishi kwa asilimia na mizani. Lakini kuna mahali ambapo kumi haitoshi, na mahali hapo ni penye haki za watu. Nazungumzia mirathi.

Tuseme mtu amefariki, ameacha mke, baba, mama na mwana wa kiume mmoja, na baada ya mazishi, madeni na wasia, limebaki shamba la ekari 24. Mke hupata thumuni. Baba sudusi, mama sudusi. Kilichobaki ni cha mwana. Ukiweka shamba katika mafungu 24, mambo ni mepesi: mke 3, baba 4, mama 4, mwana 13. Jumla 24, hapana chembe iliyopotea. Sasa ifanye hesabu hiyo kwa mia: mke 12 na nusu, baba 16 na sita sita zisizokwisha, mama hivyo hivyo. Sudusi haiandikiki kwa kumi mpaka mwisho, hata ujaze karatasi ya kutoka Voi hadi Taveta. Lazima ukate mahali fulani, na ukikata, kuna mtu umempunja, hata kama ni kidogo.

Ndiyo maana wanazuoni wa mirathi waliweka misingi saba ya mafungu: mbili, tatu, nne, sita, nane, kumi na mbili, na ishirini na nne. Kumi haimo. Kumi yagawanyika kwa mbili na kwa tano. Haina thuluthi, haina robo, haina sudusi wala thumuni. Ishirini na nne inazo zote. Kwa sababu kama hiyo watu wa Babeli ya kale walichagua sitini, na wanafalaki wa Kiislamu wakairithi. Al-Kashi wa Samarkand, aliyefariki mwaka 1429, alihesabu uwiano wa mzingo wa duara kwa mafungu ya sitini kwa usahihi ambao ulaya haikuufikia kwa zaidi ya miaka mia moja.

Na fungu lenyewe likishindwa, wanazuoni hawakumpunja mmoja wakamwacha mwingine. Imepokewa kwamba Imamu Ali, akiwa juu ya mimbari, aliulizwa habari ya mtu aliyeacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Thumuni ya mke ni 3 katika 24, thuluthi mbili za mabinti ni 16, sudusi ya baba ni 4 na ya mama ni 4. Jumla ni 27, hali fungu ni 24! Akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, yaani sehemu ya tisa. Kwani fungu lilipanda likawa 27, na 3 katika 27 ni moja ya tisa. Kila mmoja akapungukiwa kwa kadiri yake, wala hapana aliyebeba hasara peke yake. Masuala hayo huitwa Mimbariya hadi leo.

TUYAANDIKE

Sipingi kumi, wala sipingi mizani ya kilo. Aliye na duka Voi hawezi kuuza kwa shibiri ya mkono wake. Ninachopinga ni kuwafundisha watoto kwamba kumi ndiyo hesabu, na kwamba wengine wote walikuwa wakibahatisha. Kumi ilitokana na vidole; ishirini ilimfaa mwenye boriti; maradufu ilimfaa mwenye kunja nguo; ishirini na nne imemlinda mjane na yatima. Kila fungu lina kazi yake, na aliyelichagua alijua kwa nini.

Wazee wa Taita wangali wakisema irandadu na mfungade, na wazee wetu wa Pwani wangali wakikumbuka mtandatu na kenda, korija na kisaga. Mtoto asomaye Voi, mwenye rafiki Mtaita darasani, aweza kuyakusanya majina ya pande zote mbili kwa jioni moja, akaona kwa macho yake kwamba ni ndugu. Na ayaandike. Na msomaji mwenye bibi anayejua kuhesabu hadi ishirini bila neno moja la Kiarabu, namsihi asimwache alale leo kabla hajamsikiliza.